Mwaka Ndege Zote Zilipofanana

Alhamisi, tarehe kumi na sita Oktoba. Asubuhi kulikuwa na mawingu upande wa mlima na tukadhani mvua imefika, lakini kabla ya saa sita upepo ulikuwa umeyafagia yote ukatuachia vumbi. Nimefua mashuka nikayaanua yakiwa machafu kuliko nilivyoyaanika.

Jana Kinoti alinipigia simu kutoka Maua. Tulikuwa mafundi pamoja kwenye ndege za Haji hapa Isiolo, na siku hizi hapigi simu ila kuna jambo. "Mutuma amekwenda," akasema. Nikamwuliza amekwenda wapi. "Amekufa, Akiru. Mazishi ni Jumamosi, na familia wanataka mmoja wa wale aliwasomesha aseme maneno. Tumekubaliana ni wewe." Nikamwuliza wamekubaliana na nani, maana mimi sikuwa kwenye hicho kikao. "Mimi na wenzangu. Mimi nikishika maiki nitamtukana mbele ya mjane." Akaongeza, "Wewe pia hukumpenda, najua, lakini wewe huwa unasema kitu kama kilivyo." Sijui kama ni kweli. Huwa naandika mistari michache kila siku, nani alikuja, mvua, bei ya unga. Leo nitaandika zaidi, ili nikisimama pale nijue kwamba ninayosema yalitokea, na si yale nimejiambia kwa miaka mingi mpaka yakafanana na ukweli. Shule yangu ni ya darasa la nane, kwa hivyo nitakapokosea, nimekosea.

Niseme kwanza kwamba sikumpenda. Mutuma alikuwa meneja wetu, mtu mrefu wa shati jeupe ambalo halikuwahi kupata doa, na katika banda la ndege mtu asiyepata doa ni mtu wa kuchukiwa. Alikuwa anaita kila mwanamke "madam" kwa namna ambayo ungependa afadhali akuite mbuzi. Alikula peke yake, mkate na yai, amegeukia ukuta. Akiwa anakusikiliza alikuwa anatazama saa. Nimejaribu tangu jana kukumbuka siku moja aliniambia neno zuri na sikupata. Labda ilikuwepo nikaisahau, chuki hula kumbukumbu za upande mmoja. Lakini nimejaribu.

Mwaka ule ninaousema Haji alikuwa na ndege nne. Haji alikuwa tajiri wa mifugo, ng'ombe na ngamia wake walijulikana kutoka hapa mpaka Sericho, na alipoanza biashara ya ndege alinunua jinsi alivyojua kununua. Anaona mnyama mzuri sokoni, anamchukua. Kwa hivyo alikuwa na ndege moja ya injini mbili, ya zamani sana, rangi nyekundu. Moja ya mabawa chini. Na mbili za mabawa juu, zile ambazo abiria anakaa chini ya bawa kama chini ya paa. Zilibeba miraa, dawa, abiria wa Wajir, na mara nyingine maiti. Kila aina ilikuwa na fundi wake na kona yake ndani ya hanga, lile banda la ndege. Ile nyekundu ilikuwa ya Mzee Guyo, ambaye aliiita Mwekundu kama anavyoitwa ng'ombe. Ya mabawa chini ilikuwa ya Kinoti. Zile mbili zilikuwa za vijana wawili kutoka Nairobi ambao hawakukaa sana. Kila kona na stoo yake, kufuli yake, na jiko lake la makaa la kupikia chai. Kila spana ilikuwa na alama iliyochomwa kwenye mpini kwa chuma cha moto, vile mifugo huchomwa alama ya ukoo, na spana ya Kinoti ikionekana kwa Guyo ilikuwa kesi. Niliwahi kuona wazee wawili wazima wakivutana skrubu kutoka saa ya chai mpaka saa ya chakula.

Mimi nilikuwa wa kona ya Guyo. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilianza kwa kuosha ndege na sabuni, na siku moja Guyo akanipa taa nimshikie ndani ya injini, na sikurudi tena kwenye ndoo. Nilikuwa mshika taa wake, halafu mpitisha spana. Alikuwa ananyoosha mkono bila kutazama na mimi najua ile anataka. Nilijivunia hilo kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimekodi chumba kwenye ploti yake mtaa wa Bulla Pesa, chumba cha mabati cha pembeni, na mabati ya ukuta wangu ndiyo yalikuwa mabati ya ukuta wa sebule yake. Jioni nilikula kwake. Mkewe, Mama Adi, alitandika mkeka mmoja na kuweka sinia moja kubwa kwa wanawake, na hakuwahi kuniuliza kama nimekuja kula au nimekuja kusalimia. Kulikuwa na anjera, ile mikate laini ya kuchacha, mbuzi wa kukaanga aliyekatwa vipande vidogo, na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi ambayo mwanzoni yaliniharibu tumbo na baadaye sikuweza kulala bila hayo. Ukuta wa sebule ulikuwa umepakwa kijani mpaka nusu, kutoka hapo juu ni mabati tu, na mvua ikinyesha hakuna aliyesikia mwenzake, tukala tukitazamana. Mimi ni Mturkana na Mkristo, wao ni Waborana na Waislamu, na miaka hiyo mji ulikuwa na siku mbaya. Siku hizo mbaya Mama Adi alikuwa anasimama mlangoni mpaka anione nimeingia. Hilo ni lazima liandikwe.

Kilicholeta vita hangani ni chanjo ya ng'ombe. Ugonjwa ulikuwa umeingia upande wa Sericho, watu wamekusanya mifugo kisimani wakingoja, na chanjo ikaletwa kwetu ndani ya makasha ya barafu tuipeleke. Ndege moja ya mabawa juu ilikuwa imekodishwa mbali kaskazini. Zilizobaki tatu zilikuwa zimelala hapo mbele yetu. Mwekundu alikuwa anakosa stata ya kuwashia injini. Ile nyingine ya mabawa juu ilikuwa inangoja tairi. Ya Kinoti ilikosa pampu ya mafuta. Mwekundu alikuwa na pampu nzuri kabisa, lakini haikuingia kwa ile ya Kinoti. Ya Kinoti ilikuwa na stata nzuri, lakini ilikuwa ya umbo lingine. Tairi tulikuwa nazo stoo tele, za kila mnyama isipokuwa huyo anayechechemea. Nilizunguka pale na kitambaa mkononi nikiona kila kitu kinachohitajika kipo, na hakuna kinachofaa. Halafu pampu ya Kinoti ikafika kwa basi kutoka Nairobi, na Kinoti mwenyewe alikuwa Maua kwenye mazishi ya mjomba wake.

Mutuma alikuwa na mwezi mmoja tu kazini. Akaja na ile pampu bado ndani ya boksi lake, akamwekea Guyo mbele. "Mzee, funga hii."

"Huyo si mnyama wangu," Guyo akasema.

"Ni boliti nne."

"Ni boliti nne za mtu mwingine. Mimi sikusomea hiyo. Nikifunga na ikaanguka, utamwambia nani? Utaambia boliti?"

Hapa ninataka kuwa mwangalifu, kwa sababu watu waliosimulia baadaye walisema Guyo alikataa kwa kiburi. Kiburi kilikuwepo, nilikuwa karibu nikakiona. Lakini alichosema kilikuwa kweli. Fundi asiyeijua ndege hafai kuigusa, na hata sheria inasema hivyo. Mutuma alijua, ndiyo maana hakubishana. Alisimama tu akatazama saa. Kinoti alirudi, pampu ikafungwa, na barafu ilikuwa imekuwa maji siku nyingi. Chanjo ikamwagwa. Ndugu yake Guyo alikuwa mmoja wa wale waliongoja pale kisimani na ng'ombe wake, na wengi wa hao ng'ombe hawakurudi nyumbani. Guyo hakulisema hilo kwa mtu. Nilimsikia tu kupitia mabati akimwambia Mama Adi, "Amebaki na wanne."

Baada ya hapo Mutuma akamwita Haji hangani, tukakaa wote kwenye masanduku. Akasema anataka ndege nne za aina moja. Zile za mabawa juu, kwa sababu zinaweza kushuka kwenye mchanga na mawe ya huku bila kugongwa tumbo. Mwekundu auzwe, ya Kinoti iuzwe. Stoo moja, ufunguo mmoja, spana zisizo na alama. Spea ikitoka kwa inayolala iingie kwa inayoruka. Fundi yeyote aweze kufunga chochote kwa yoyote, na rubani akiamka asubuhi aingie ile iliyo karibu na kila swichi iwe pale alipoiacha jana. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anasoma bei za duka.

Guyo akasimama. "Haji, wewe ni mtu wa mifugo, mimi sitakufundisha. Unaweza kuweka ngamia peke yake? Weka ngamia, weka ng'ombe, weka mbuzi. Kiangazi kikimaliza huyu, yule amebaki. Ukiweka aina moja, siku ugonjwa wake umekuja umebaki na kamba mkononi." Haji alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na mimi pia. Nimezaliwa kwa watu wa mifugo, na sikuwa nimesikia mtu akisema ukweli ulio wazi kuliko huo.

Mutuma akangoja amalize. "Mzee, mbuzi akikosa nyasi anakula kichaka. Hii yako ikikosa stata, inakula stata ya jirani?" Watu wakaanza kucheka chini chini. "Na mbuzi huzaa. Huyu Mwekundu alizaa lini? Wa mwisho alikuwa dume au jike?"

Hanga nzima ikacheka. Kinoti alicheka mpaka akashika tumbo, na yeye mwenyewe ndege yake ilikuwa imehukumiwa. Vijana wa Nairobi walicheka. Guyo alibaki amesimama, ndevu zake nyekundu za hina, mikono imening'inia. Mutuma angeweza kushinda bila ile ya dume na jike. Alikuwa ameshashinda na stata. Ile nyingine aliiongeza kwa sababu aliona ina utamu, na ndiyo sababu mimi sikumsamehe, wala Guyo. Kama ningeambiwa nichague pale pale nani alisema vizuri, ningesema Guyo. Kama ningeulizwa nani alisema sawa, leo ninajua ni Mutuma, na siku ile labda nilijua pia, ndiyo maana nilikasirika hivyo.

Kisha likaja jambo la masomo. Mutuma alipata nafasi kwenye chuo kimoja Nairobi, kujifunza ile aina moja, ukirudi na cheti unaweza kufanya mtihani wa leseni. Kila kona itoe mtu. Guyo akasema hawezi kurudi darasani kuketi na watoto. Asubuhi moja Mutuma akaniita kwenye chumba chake, kilichokuwa na meza, kiti kimoja, na kalenda ya mwaka uliopita. Nilisimama.

"Madam, usifikirie nimeona kitu ndani yako," akasema. "Haji anataka kila kona itoe mtu asije akasikia maneno ya kabila na dini. Kona ya Guyo ina Guyo na wewe. Guyo amekataa. Umebaki wewe."

"Mimi nimeishia darasa la nane," nikasema.

"Najua. Vitabu ni vya Kiingereza. Ukifeli sitashangaa." Akaangalia saa. "Unaenda ama huendi? Nina kazi."

Nikasema nitafikiria. Nilitoka pale nimeamua siendi. Ningemwonyesha kwamba kuna watu hawanunuliwi kwa cheti. Niliwaza vile nitamwambia Guyo, na vile atanyoosha mkono bila kutazama, na mimi nitaweka spana.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, nilikuwa chumbani kwangu nikisuka nywele, na wao walikuwa upande wa pili wa mabati. Mama Adi alikuwa anapepeta mchele, nilisikia ungo. Akasema, "Huyu msichana, mbona usimwonyeshe kazi yenyewe? Miaka yote ni taa na spana." Guyo akasema kwa Kiborana, ambacho nilikuwa nimeshajifunza cha kutosha, "Ana mkono mzuri kuliko wa kwangu nikiwa kama yeye. Lakini nikimwonyesha yote, mimi nitabaki na nini?"

Ungo ukaendelea. Hawakuzungumza tena juu yangu, wakaanza kuzungumza juu ya maji ya mfereji.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote, na bado siwezi kumkasirikia vizuri. Alikuwa anasema ukweli. Mwekundu alikuwa mmoja tu Isiolo nzima, labda nchi nzima, na yaliyokuwa ndani yake yalikuwa kichwani mwa Guyo na si mahali pengine. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake. Mtu mwenye ndege ambayo hakuna mwingine anaijua hawezi kuachishwa kazi, hawezi kuambiwa amekosea, na pia hawezi kufundisha, kwa sababu akifundisha amejikata. Mutuma alinidharau. Guyo alinipenda, alinilisha, mkewe alinisimamia mlangoni. Lakini kwa Guyo ningeshika taa mpaka nizeeke. Nilikaa pale na nywele nusu zimesukwa, nikajua nitakwenda, na nikamchukia Mutuma zaidi kwa sababu sikutaka kitu kizuri kitoke kwake.

Nilimwambia Guyo kwenye mkeka, kila mtu akiwepo, nisionekane nimeficha. Akamaliza kutafuna. "Atakayekwenda kwa yule, hapa si hoteli," akasema. Nikamwambia, "Mzee, nitarudi, nitafanya kazi na wewe." Akasema, "Na ndege gani?" Mama Adi aliinuka, akachukua bakuli langu la maziwa ambalo lilikuwa limejaa, akalimimina tena kwenye kibuyu. Niliondoka kwenye ploti kabla mwezi haujaisha, nikahamia mtaa wa Chechelesi.

Huko Nairobi tulikaa kwenye bweni lenye dirisha moja, githeri ya mahindi na maharagwe mchana na githeri jioni. Darasani niliketi nyuma. Mwezi wa kwanza nilikuwa kama mtu anasikiliza redio ya nchi nyingine. Lakini katikati ya chumba kulikuwa na injini juu ya stendi, na ilikuwa ile ile. Kesho yake ile ile. Mwalimu, mama mmoja mnene wa Kisii, aliniambia, "Wewe usijali kusoma haraka. Hii haibadiliki. Jana ilikuwa hapa, kesho itakuwa hapa. Ukiijua hii, ukirudi kwenu umejua zote nne." Watu wenye akili labda hawaoni uzito wa maneno hayo. Mimi akili yangu ni ya kutembea polepole, na siku zote nilikuwa nimedhani ufundi ni wa wale wanaoruka kutoka hiki kwenda kile bila kuanguka. Kumbe kulikuwa na njia ya mtu kama mimi, kurudia kitu kimoja mpaka mkono ukakijua, na huo mkono ukatosha kwa kundi lote. Sikuwa wa kwanza darasani, wala wa mwisho. Mtihani nilipita mara ya pili.

Niliporudi, Mwekundu alikuwa ameshauzwa vipande vipande, ya Kinoti imeuzwa, na zote nne sasa zilikuwa za mabawa juu. Guyo alikuwa na kibanda barabarani, anatengeneza injini za visima na mashine za kusaga posho. Ndani ya hanga jiko lilikuwa moja. Kinoti alikuwa amesoma pia, ameapa kwamba ni kwa sababu ya watoto tu. Stoo ilikuwa moja na nusu yake tupu, kwa sababu unapoweka spea za aina moja huhitaji kuweka nyingi, na zilizopo zinaingia popote. Ndege ikija na ubovu asubuhi, mara nyingi mchana imeruka. Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulitegemea. Nikifunga kitu, Kinoti anakuja na tochi kukagua, na Kinoti akifunga, mimi ninakagua. Mwanzoni tulikuwa tunatukanana. "Mturkana, hii umefunga kama unafunga mbuzi." "Na wewe yako, Mmeru, nimekuta boliti inacheza kama jino la mtoto." Lakini niliona kwamba miaka yote ya Guyo hakuna mtu aliyewahi kukagua kazi yake, kwa sababu hakuna aliyeweza. Sijui kama aliwahi kukosea. Ninachojua ni kwamba angekosea, sisi tusingejua.

Halafu kile alichosema Guyo kikatokea. Kabla mwaka haujaisha ilikuja habari kwa wote wenye ndege za aina ile, kwamba kuna bomba la mafuta linapasuka kabla ya wakati wake, na hakuna kuruka mpaka libadilishwe. Zote nne zikalala siku moja. Abiria wakakaa nje na mizigo, miraa ikakauka, Haji akaja akasimama mlangoni akamtazama Mutuma. Mutuma alijifungia chumbani kwake. Na Guyo akaja. Alikuja kwa miguu kutoka kibandani, akasimama kwenye ua wa waya, akashika waya kwa mikono miwili.

"Ugonjwa wa ngamia umekuja," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Mwambieni msomi wenu atoke ahesabu kundi."

Hakuna aliyecheka. Mimi niliona aibu kwa niaba ya kila mtu, na pia, niseme haki, nilifurahi kidogo.

Mabomba yakafika ndani ya boksi moja, yote ndugu. Tukaanza na ndege ya kwanza, ikatusumbua karibu siku nzima. Ya pili tulijua pa kuingiza mkono. Ya nne Kinoti alikuwa anapiga mluzi. Guyo alikuwa anapita kila siku kwenye waya, na siku ya mwisho akaniita.

"Nani anakagua kazi yako?"

"Kinoti."

"Na yake?"

"Mimi."

"Umeweka sahihi? Wewe mwenyewe, jina lako?"

"Ndiyo, Mzee."

Akatema mate, si upande wangu, pembeni, akaenda zake. Kundi lilikuwa limelala lote na kuamka lote, na sidhani kama kundi lake la mchanganyiko lingeamka haraka hivyo. Lakini pia halingelala lote. Nimelipima mara nyingi na ninaona Mutuma ana sehemu kubwa ya haki na Guyo ana sehemu ambayo si ndogo. Ndege ya nne ilipoondoka, Mutuma akatoka chumbani na shati lake jeupe. Nilidhani sasa atasema neno. Akaonyesha kidole sakafuni. "Madam, futa hayo mafuta, mtu ataanguka."

Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani. Nikafuta.

Leo mchana nilikwenda Bulla Pesa, maana sikutaka Guyo asikie kwa watu kwamba nitasimama kumsema vizuri yule mtu. Miguu yake imekwisha, anakaa kwenye kiti cha plastiki koridoni. Mama Adi alishatangulia mbele za haki. Binti yao, Adi, alikuwa anachambua mboga, akanisalimia kwa kichwa.

"Habari ya leo, Mzee."

"Nzuri. Nani huyo?"

"Akiru."

"Akiru gani?" Alikuwa ananiona vizuri.

"Yule wa taa." Nikamwambia Mutuma amekufa. Akasema neno la Mungu ambalo mtu lazima aseme, haraka, halafu akauliza ninataka nini kwake.

"Wameniambia niseme maneno kwenye mazishi. Nimekuja kukuambia kabla."

"Utasema nini?"

"Nitasema alinipa kazi."

"Alikupa kwa kupenda?"

"Hapana. Alinidharau. Lakini alinipa."

Adi aliacha mboga. "Na mimi?" Guyo akauliza. "Mimi nilikupa nini?"

Ningeweza kudanganya, ni mzee na anaumwa. "Wewe ulinilisha, Mzee. Na mlinilinda."

"Hicho ni kidogo?"

"Si kidogo. Lakini si kazi."

Adi akasema, "Heh," kama mtu amechomwa na sufuria. Guyo akatazama ukuta wa jirani. Nilidhani atanifukuza. Akasema polepole, "Ningekuonyesha. Ulikuwa unaniharakisha tu." Sijui ni kweli. Hajui pia, nadhani. Nilitaka kumwambia nilisikia kupitia mabati, nikaona haitamsaidia mtu. Nikamwambia, "Labda, Mzee."

"Basi nenda ukamsifu mtu wako. Jina langu usilitaje pale."

"Sitalitaja."

"Na usije tena hapa na habari zake."

Nikasema sawa. Nyama ilikuwa inachemka ndani, na Adi hakuniambia nikae, nami sikungoja aniambie.

Jumamosi nitasema hivi: mtu huyu alifanya ndege zifanane, na kwa sababu hiyo mtu wa darasa la nane aliweza kuzijua. Hakuwa mpole kwetu. Kisha nikae. Nimemsomea mume wangu, Ekal, akasema ni fupi, na ile ya upole niitoe, mjane atasikia. Sikuitoa. Jioni tumekula ugali, matumbo na kabichi, matumbo hayakuiva vizuri, na tukala tu.